Mwendo wa wanaonyonyesha

Wapendwa katika Bwana, juma hili tusome Mwanzo 33:12-15. Esau amekuja na watu 400, ndugu wamekumbatiana na kulia, na sasa kaka mtu anataka waongozane. Yakobo anakataa kwa upole: watoto ni wadogo, mifugo inanyonyesha, ikiharakishwa siku moja tu itakufa. Tangulia, mimi nitakuja polepole. (Wengine husema alikuwa anamkwepa tu, maana hakwenda Seiri, alielekea Sukothi. Huenda. Lakini sababu yenyewe Esau hakuibishia.) Isaya 40:11 inasema hivyo hivyo juu ya Mungu: "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole."

Hapa Bukavu je? Mama mzazi anatoka materinite, na baada ya siku chache yuko kwenye mlima wa Kadutu na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Ndani, pale kondo la nyuma lilipobanduka, bado pana kidonda, na tumbo la uzazi linahitaji wiki kama 6 kurudi lilivyokuwa. Nasi tunafika kikundi kizima kumpongeza, tunaimba, tunakaa hadi jioni, mpaka yeye mwenyewe anainuka kutupikia chai! Torati ilimwambia mama asiingie patakatifu siku 40 kwa mtoto wa kiume, 80 kwa wa kike. Sisi tunamuuliza mwanakwaya Jumapili ya pili atarudi lini.

Basi atakayekwenda juma hili apitie kwanza robine. Abebe maji, sombe na samaki, afue nguo za mtoto, aombe kwa ufupi, aondoke.

Jambo moja linaniuma. Mama akilialia siku za kwanza, ni kawaida, hupita. Akipitisha wiki mbili bado analia, halali hata mtoto akilala, tusikimbilie kusema ana pepo au imani imepungua. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Tumsindikize kituo cha afya, tukiomba njiani.

Na akitoka damu nyingi, akipata homa, kichwa kikimuuma sana au macho yakiona giza, akishikwa na degedege, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama mchungaji bado anahubiri.