Saa tisa usiku, Adabraka

Mwili ulifika Accra, usingizi ukabaki Dar. Siku zote tano nilizolala kule nilikuwa naamka saa tisa usiku, macho makavu kabisa, kwa sababu nyumbani muda huo ni saa kumi na mbili asubuhi na ndiyo saa yangu ya kuamka tangu nianze biashara. Tofauti ya saa tatu tu. Wakati napanga safari nilihesabu kila kitu: kadi ya homa ya manjano, nauli, kilo za mzigo. Hizo saa tatu sikuzihesabu.

Nilifuata vitenge. Hoteli nilielekezwa na mwenzangu wa Mtaa wa Uhuru aliyewahi kufikia hapo. "Si ya kifahari," aliniambia, "ila mlango unafungika na soko la Makola ni karibu." Kwa mfanyabiashara wa kiwango changu hayo ni maelezo ya kutosha. Iko Adabraka, katikati ya mji, ghorofa tatu bila lifti, ukutani imepakwa rangi ya maziwa na chini ya kila kiyoyozi kuna mchirizi wa kijani ulioteremka kwa miaka.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, kijifriji kinachokohoa, runinga, na Biblia kwenye droo. Bafuni, ndoo na kopo. Wallahi nilipoiona ile ndoo nilitabasamu, maana nilishajua habari ya maji kabla mtu hajafungua mdomo. Rimoti ya kiyoyozi inakaa mapokezi, unaisainia kwenye daftari kama kitabu cha maktaba. Chaja yangu iliingia ukutani bila adapta, pini tatu za mraba kama za kwetu, urithi wa Mwingereza mmoja tuliyekuwa naye wote. Kwenye picha za mtandaoni kulikuwa na dirisha linalotazama mti. Dirisha nililopewa lilitazama jenereta.

Nikashuka kulalamika. Binti wa mapokezi akanisikiliza kwa adabu zote, akasema kwa Kiingereza kwamba anakuja, akageuka na kuondoka. Mtu wa Ulaya angebaki pale amechanganyikiwa. Mimi nikaketi nikasubiri, kwani si ndivyo tunavyosema sisi, "nakuja", huku tunampa mtu mgongo? Kweli akarudi. Chumba kingine hakikuwepo, lakini alirudi.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika. Waghana wana neno lao, dumsor, yaani zima-washa, lililoshika kasi miaka ile ya mgao mkali, kuanzia 2012 hivi hadi 2016. Sisi tuna mgao, wao wana zima-washa. Lao naliona lina ukweli zaidi, kwa sababu mgao unakufanya udhani kuna mtu anagawa. Jenereta likawaka nyuma ya kichwa changu. Nikajitanda kanga, nikashuka ngazi.

Mama akisoma hapa ataguna. Mwanamke peke yake, usiku wa manane, mji wa watu. Lakini getini alikuwepo mlinzi, mzee mwenye kofia na sweta juu ya kanzu, redio ndogo pajani ikizungumza Kihausa kwa sauti ya chini. Agosti Accra kuna kibaridi cha kushangaza, mawingu mchana kutwa, ndiyo maana ya lile sweta. Akaniangalia, akainuka, akavuta kiti cha pili cha plastiki, akakifuta kwa kiganja. Hakuniuliza kwa nini silali. Nadhani hotelini kwao wasiolala si habari mpya.

Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuazima. Tukawa tunachota kwenye redio. Likipita neno ninalolijua nalidaka: nikasikia labari, nikasema habari, akacheka. Duniya, dunia. Hankali, akili. Attajiri, tajiri, na hapo akanionyesha kwa kidole ghorofa ya juu, chumba chenye kiyoyozi kipya, tukacheka wote wawili kama wajinga. Siku ya Alhamis na Alhamisi hatukuhitaji hata kutafsiri. Yeye ni mtu wa kaskazini, anaishi Nima, na Kihausa kwake ni kama Kiswahili kwa Mmakonde wa Dar: si lugha ya mama yake, ni lugha ya mtaa na ya msikitini. Nilimwita Baba. Hakushangaa, kwa sababu kwa Kihausa pia ni Baba.

Usiku wa pili alinifundisha salamu moja ambayo nimerudi nayo kuliko kitenge chochote. Sannu da aiki. Unamwambia mtu aliye kazini. Nilimuuliza maana yake akahangaika: si "habari ya kazi", si "asante kwa kazi". Akajaribu mara tatu, akashindwa. Nikamwambia Baba, usihangaike, mimi nimeshaelewa. Ni pole na kazi. Mimi mwenyewe nimewahi kushindwa kumweleza Mzungu dukani kwangu kwa nini nampa mteja pole wakati hajafiwa.

Baada ya hapo nikaanza kuisikia pole kila mahali. Nilijikwaa kwenye ukingo wa mfereji pale nje, mifereji ya Accra ni mirefu na haina mifuniko, na watu watatu nisiowajua wakaniambia "sorry" kwa pamoja, mmoja akiwa upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyenisukuma. Mama mmoja akaongeza kwa Kitwi, lugha kubwa ya huko, kosɛ, kosɛ, kwa sauti ileile unayombembelezea mtoto aliyeanguka. Pole yetu kabisa, imevaa kanzu ya Kiingereza ikijipitia barabarani.

Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili mtaa unaamka, tena kwa kelele. Kwanza adhana. Halafu mhubiri mwenye kipaza sauti cha mkononi anayewatangazia toba watu waliolala. Halafu ufagio. Halafu, ng'ambo ya barabara, mama wa uji anatua sufuria yake.

Hapo naomba nikae kidogo. Uji wenyewe wanauita koko, ni wa uwele uliochachuliwa, na ndani yake kuna tangawizi, karafuu na pilipili, hata ukinywa unahisi mtu amekuwashia taa kifuani. Wengi wanaununua kwenye mfuko wa plastiki, wanang'ata pembe na kunyonya wakitembea. Pembeni ana karai la mafuta ambamo anadondosha koose. Nilipoiona ya kwanza ikigeuka rangi nikajisemea hapana, haiwezekani. Nikanunua mbili, nikaipasua moja kwa vidole: ndani nyeupe, laini, ina vitobo, harufu ya kitunguu. Bajia za kunde! Bajia zilezile anazouza bibi wa mtaani kwetu na chatne ya nazi. Hapa chatne hakuna, ila ukiwa na njaa husemi. Nilimpa mama yule pesa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mafuta, akaniangalia bila kupokea mpaka nilipojifuta na kubadilisha. Ningekuwa kwetu Tanga bibi yangu angenipiga kofi.

Kifungua kinywa cha hotelini kimo ndani ya bei, basi nilikuwa nakila pia. Mayai, mkate, maharage ya kopo. Ukiagiza chai wanakuuliza chai ipi, kwa sababu kwao kinywaji chochote cha moto kinaweza kuitwa chai, hata Milo. Nchi ya pili duniani kwa kakao, nyuma ya jirani yao Ivory Coast, na asubuhi wanachota unga wa chokoleti kwenye kopo. Nisiwacheke. Nasi tunalima kahawa Kilimanjaro halafu tunakunywa ya unga.

Chumba cha kulia kina meza sita na nadhani ndicho kilichonifanya nisihame hoteli. Hakuna mtalii hata mmoja. Kuna mtu wa Burkina Faso anayefuatilia makontena yake bandari ya Tema, anaongea Kifaransa na simu mbili. Kuna vijana wa Lagos wenye sampuli za viatu kwenye mfuko wa sandarusi. Mara nyingi nimesikia hotuba juu ya Waafrika kufanya biashara wenyewe kwa wenyewe, na sekretarieti ya eneo huru la biashara la bara letu iko mji huuhuu wa Accra. Kumbe jambo lenyewe linakula mayai pale Adabraka na kulalamikia ushuru. Asubuhi ya tatu mzee mmoja alikuja na waakye yake ya kununua nje, wali na maharage uliopikwa na majani ya mtama mpaka ukawa mwekundu, umefungwa kwenye jani. Kabla hajatia kijiko mdomoni aliniangalia, akasema kwa Kiingereza kwamba nimealikwa. Kinywa changu kikajibu chenyewe: "Asante, starehe." Kwa Kiswahili. Hakuelewa neno hata moja, na aliridhika, akaanza kula.

Makola sitaieleza sana, ni kazi. Vitambaa vinauzwa kwa yadi, piga hesabu sita kwa nusu na kumi na mbili kwa kamili, na kila mchoro una jina kama kanga yetu ilivyo na jina. Upo uitwao Sika wo ntaban, pesa ina mabawa, wenye ndege wanaoruka. Upo Ahwene pa nkasa, shanga nzuri hazilii. Huo wa pili nilichukua mwingi, maana nilishawaona wateja wangu ambao wangeutuma kwa jirani bila kufungua mdomo. Dada niliyenunua kwake aliniuliza nilizaliwa siku gani. Ijumaa. Basi wewe ni Afua, akasema, na siku zote zilizobaki nikawa Sister Afua. Nikacheka peke yangu: kwetu wa Ijumaa ni Mwajuma, na afua ni mbili, kufa na kupona.

Yeye ndiye aliyenionyesha ilipokuwa Makola ya zamani, iliyobomolewa na wanajeshi mwaka 1979 kwa madai kwamba kina mama wa sokoni ndio wanaopandisha bei. Alikuwa hajazaliwa, anaisimulia kama aliyekuwepo. Nikamkumbuka mama yangu mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, na mabunda ya khanga yaliyolala usiku mmoja chini ya kuku. Sikumsimulia. Kiingereza changu kingeiharibu.

Hilo ndilo lililonichosha kuliko ngazi. Watu wananiona wa kwao mpaka nifungue kinywa. Wananisemesha Kitwi, wananisemesha Kiga, lugha ya Waga wenyeji wa Accra, nikijibu kwa Kiingereza uso unabadilika kidogo, hauwi mbaya, unakuwa wa kupokea mgeni tu. Siku ya nne nilijikuta nahesabu cedi kwa sauti chumbani, moja, mbili, tatu, kwa raha ya kusikia Kiswahili. Jina la pesa hiyo nalo linatokana na neno lao la kete, zile za baharini. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wanapakia kete Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi zikatumike kama fedha. Nilizitandaza noti kitandani nikawaza kwamba sisi watu wa pwani tuliwahi kuwauzia watu hela.

Ijumaa jioni hoteli ikageuka. Wenye makontena wakaondoka, wakaja watu wa msiba, maana mazishi kule ni Jumamosi. Nyeusi na nyekundu ngazi nzima, pasi moja ya hoteli ikizunguka vyumba vyote, mtu anaifuata mlangoni kama deni. Usiku ule niliamka saa tisa kama kawaida. Walikuwa wameketi uani wanaongea kwa sauti ya chini, na kiti changu cha plastiki kilikuwa na mwenyewe. Baba aliniona, akainua mkono. Nikarudi juu.

Jumamosi nililipa. Walinihesabia chupa mbili za maji nilizokunywa na moja ambayo sikuinywa; niliacha. Nilitaka kumuaga Baba lakini zamu yake ilishaisha, alikuwa Nima amelala, hapana shaka. Getini alisimama kijana wa zamu ya mchana, simu mkononi. Akaniinulia belo la vitenge, akalisukumia kwenye buti la teksi kwa goti, jasho likimtoka. Nikaona huyu ndiye. Nikanyoosha mgongo, nikasema vizuri kabisa, kwa lafudhi niliyoifanyia mazoezi siku nne: "Sannu da aiki."

Akanikodolea macho. Ni mtu wa kabila la Ewe, akasema, wa upande wa Volta, Kihausa hajui hata neno. Halafu akaniuliza kama mimi ni Mnigeria.