Liemba ni barabara yetu

Wageni wanaokuja Kigoma kuitafuta Liemba, meli kongwe ya ziwa Tanganyika, huwa wanataka habari za Vita vya Kwanza vya Dunia. Nami nawasimulia, maana ni za kweli na zinasisimua. Ila mimi ni mzaliwa wa Kirando, kule Rukwa, na kwetu meli hii ilikuwa barabara kabla haijawa historia.

Ilijengwa na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Baada ya kuungwa ilifunguliwa tena vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, yakapita baharini kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, kisha yakapanda treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, ndio waliosimamia kuiunga upya hapa Kigoma, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika. Majina ya hao Wajerumani nayakuta kila ninaposoma habari za meli hii. Ya babu zetu waliobeba vyuma sijayaona popote, na jambo hilo linaniuma.

Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, jina la aliyewahi kuwa gavana wa koloni la Wajerumani hapa kwetu. Ikafungwa mzinga uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyozamia mto Rufiji. Haikutamba muda mrefu. Julai 1916, Wabelgiji wakisogea na Wajerumani wakijiandaa kuikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Sasa hapa ndipo ninapowavulia kofia wale mafundi: kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito, kila mahali, ili maji yasiile. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuke ulidumu hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli.

Hapo wageni hufunga daftari. Kwangu mimi hapo ndipo habari inapoanza.

Kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ilikuwa safari ya siku mbili au tatu, na vituo vingi katikati havikuwa na gati: Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kipili, Kirando, Wampembe. Meli ilisimama mbali na ufukwe, mara nyingi usiku wa manane, ikapiga honi. Kijiji kizima kiliamka. Mashua zikatoka zikikimbizana, tochi zikimulika, kila nahodha akitaka kuwahi mlango wa ubavuni. Mama alikuwa akipeleka dagaa wakavu Mpulungu. Alikaa juu ya magunia yake mpaka mashua igusane na meli, kisha akampigia kelele baharia aliyeinama mlangoni: "Mwanangu, mpokee mtoto kwanza, halafu gunia!" Nikashikwa kwapani na kuvutwa ndani, huku mashua ikipanda na kushuka na mawimbi. Ndani kulinuka mawese, samaki na mafuta ya injini. Daraja la tatu tulilala popote palipobaki nafasi, na mama alikesha akihesabu magunia.

Mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko, maelfu walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na kipindupindu kikaingia. Barabara ya gari haikuwepo. Liemba ikawa inawabeba mamia kwa mamia kuwaleta Kigoma. Umri wake ulikuwa miaka 100. Hiyo ndiyo habari ya vita ninayoijali zaidi.

Ilisimamisha safari zake 2018. Tangu hapo watu wa kwetu wanategemea boti za mbao zenye injini, na anayelijua ziwa Tanganyika wakati wa upepo wa kusi anajua maana yake. Mfanyabiashara mdogo anapakia kidogo kwa kuogopa, au anapakia sana kwa shida.

Nasikia mazungumzo ya utalii, wengine wakisema iwe makumbusho. Watalii waje, na vyumba vya daraja la kwanza viwekwe vizuri kwa ajili yao. Fedha yao itasaidia kununua dizeli. Lakini naomba wanaoamua haya mambo wakae na akina mama wa Kirando na Karema kabla ya kupanga ratiba. Watawaambia vituo gani visirukwe, siku gani za soko Mpulungu zina faida, na kwamba ile winchi ya mbele ya kupandishia mizigo ina kazi kubwa kuliko baa. Pia waulizwe kuhusu nauli ya daraja la tatu, na ushuru wa gunia la dagaa, maana hapo ndipo mama yangu alipokuwa akipata au kukosa ada yangu ya shule.