Siku moja maishani mwangu: natafuta maoni ya kweli kuhusu tovuti mpya

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu ni kupima tovuti za biashara ndogo, hasa zile ambazo ndiyo kwanza zimefunguliwa. Leo ni zamu ya karakana inayokarabati makochi na viti: kubadilisha vitambaa, kujaza sponji upya, kuunga miguu iliyovunjika. Mwenye karakana ni mama wa makamo aliyeijenga biashara hiyo kwa mikono yake, na hii ndiyo tovuti yake ya kwanza. Jana usiku alinitumia kiungo na ujumbe: "Mwanangu, nimeshawaonyesha ndugu na marafiki, wote wanasema ni nzuri sana. Ila simu hazilii."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niamke na kazi hii kichwani. Ndugu na marafiki hawakumdanganya. Waliulizwa kama tovuti ni nzuri, na hakuna anayempenda atakayemjibu vinginevyo. Ukimuuliza mtu "unaionaje?" anakujibu kwa adabu. Ukimpa jambo la kufanya, kisha ukakaa kimya ukamtazama, utaona kila kitu hata asipofungua mdomo. Nimeishika imani hiyo kwa miaka yote ya kazi hii, na sioni dalili ya kuiacha.

Kabla sijafungua ukurasa wowote naandika swali moja juu ya karatasi: anayefika hapa amekuja kutafuta nini? Kwa karakana hii, mtu ana kochi limebonyea. Anataka kujua kama linatengenezeka, kazi itachukua muda gani, na azungumze na nani. Mtu huyo ndiye nitakayemfuata siku nzima.

Saa 3:00 asubuhi

Naanza na yale ambayo mashine inaweza kunijibu, ili nisipoteze muda wa watu kwa mambo ya wazi.

Kwanza, je, tovuti inaonekana kwenye injini za utafutaji? Mifumo mingi ya kujengea tovuti ina kisanduku cha kuzizuia injini hizo wakati ujenzi unaendelea, na mara nyingi mjenzi husahau kukiondoa tiki siku ya kukabidhi. Hapa kimeondolewa. Pili, anwani inaanza na https, yaani mawasiliano yake yamesimbwa ili yasisomwe njiani? Ndiyo. Hilo lina uzito, maana tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaandika kwamba tovuti isiyo nayo si salama, na mteja mgeni akiona onyo la namna hiyo haulizi maana yake. Anaondoka.

Tatu ni kasi, na hapo ndipo panaponikwamisha. Picha kubwa ya ukurasa wa mwanzo imepakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu, ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti kadhaa. Kwenye kioo cha simu upana huo hauna kazi yoyote. Unakula tu bando la mtu na kumweka akitazama weupe. Kipimo cha Google kinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Hapa nahesabu sekunde nyingi kupita hizo, nikiwa kwenye mtandao wa simu wa kawaida. Picha ileile ikipunguzwa upana na kuhifadhiwa kwa muundo mwepesi kama WebP, inaweza kushuka hadi chini ya kilobaiti 200 bila jicho kugundua. Naandika, naendelea.

Saa 4:30 asubuhi

Mtu wa kwanza amefika. Ni kijana ambaye hajawahi kuisikia karakana hii, na ndiyo sababu nimemwita. Kwanza namwonyesha ukurasa wa mwanzo kwa sekunde 5, kisha nageuza simu. "Hawa wanafanya kazi gani?"

Anafikiri. "Nadhani... bima? Au mikopo ya nyumba."

Si kosa lake. Sentensi kubwa iliyo juu inasema "Tunarudisha thamani ya maisha ya familia yako." Chini yake kuna picha ya sebule nadhifu yenye watu wanaotabasamu. Makochi yapo kwenye picha, lakini nani atakayeyatambua kuwa ndiyo bidhaa? Neno "makochi" lenyewe linatokea mara ya kwanza baada ya kuushusha ukurasa mbali sana.

Namrudishia simu na kumpa kazi: "Kochi lako limebonyea katikati. Tafuta kama hawa wanaweza kukusaidia. Na kila unachofikiri, kiseme kwa sauti." Mbinu hiyo ya kufikiri kwa sauti aliieleza Clayton Lewis wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1982, na mpaka leo sijaona chombo cha bei mbaya kinachoishinda. Ugumu wake wote uko kwa anayesikiliza. Kijana anakwama kwenye menyu, ananitazama, anauliza, "Nibonyeze 'Suluhisho'?" Namjibu, "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Kisha nafunga mdomo. Ukimya huo unauma, hasa mtu anapohangaika mbele yako na wewe jibu unalijua. Lakini mteja wa kweli hatakuwa na mtu wa kumwelekeza.

Anabonyeza "Kuhusu sisi", anasoma mistari miwili, anarudi nyuma. Mwishowe anasema, "Mimi ningeshaondoka hapa."

Saa 6:00 mchana

Wa pili ni dada mmoja makini, anasoma kila kitu. Yeye anaelewa haraka kazi ya karakana, kwa kuwa anashusha ukurasa mpaka chini kabla ya kuamua lolote. Anafurahia picha za kabla na baada ya ukarabati. "Hii ya kiti cha kijani ndiyo ningetaka kuiona mwanzo kabisa," anasema, na nakubaliana naye kabisa. Picha hiyo moja inaeleza biashara nzima.

Kisha anaifikia namba ya simu, nami nasogeza kiti karibu. Namba imeandikwa kwa herufi nzuri za rangi ya dhahabu. Anaigusa kwa kidole gumba. Kimya. Anaigusa tena, anaishikilia kwa muda akitegemea kijidirisha cha kunakili kitokee. Kinachotokea ni ombi la kuhifadhi picha. Namba hiyo si maandishi, ni sehemu ya picha! Haipigiki, hainakiliki, na mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hataisikia kabisa, kwa sababu picha haikuwekewa maelezo. Dada anaanza kuikariri kwa vipande: tarakimu nne, anahama kwenda kwenye programu ya simu, anaandika, anarudi, tarakimu tatu nyingine. Katikati anachanganya.

Naandika kwa herufi kubwa: SIMU HAZILII KWA SABABU HAZIPIGIKI. Ndugu wote waliosema tovuti ni nzuri walishakuwa na namba yake kwenye simu zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kuigusa.

Saa 7:15 mchana

Mapumziko. Siandiki chochote, nanyoosha miguu.

Saa 8:00 mchana

Wa tatu ni mzee mstaafu ambaye simu yake ameiongezea ukubwa wa herufi. Nilimtafuta kwa makusudi. Wenye makochi ya kukarabati ni mara nyingi watu walioishi nayo miaka mingi, na macho yao si ya kijana wa asubuhi.

"Mjukuu wangu, haya maandishi mbona yamefifia?" ananiuliza. Yamefifia kweli. Ni kijivu chenye msimbo #999999 juu ya nyeupe, na uwiano wake wa utofauti, yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, ni kama 2.8 kwa 1. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, WCAG, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu cha #767676 kingetosha, na mtu mwenye macho mazima asingeona mabadiliko makubwa. Mzee angeweza kusoma.

Anaifikia fomu ya kuomba makadirio. Anajaza jina, anaeleza kochi lake kwa uangalifu, sentensi tano ndefu, mpaka aina ya mbao. Kwenye namba ya simu anaacha nafasi kati ya tarakimu, kama watu wengi wanavyoandika. Anabonyeza "Tuma". Ukurasa unaruka juu, maandishi mekundu yanatokea: "Ingizo batili." Na fomu yote imefutika, pamoja na zile sentensi tano.

Anaitazama skrini kwa muda. "Wamekataa," anasema.

Neno hilo limeniingia. Mzee hakuona hitilafu ya fomu. Ameona kwamba karakana imemkataa. Fomu ingeweza kuziondoa zile nafasi yenyewe, au angalau ingeonyesha kisanduku chenye shida na kuyaacha mengine yalivyo. Aliyeijenga pengine hakuijaribu hata mara moja kwa namba iliyoandikwa kwa mtindo wa watu.

Saa 9:30 alasiri

Watu watatu, basi. Kuna hesabu maarufu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliyoifanya pamoja na Thomas Landauer mwaka 1993 na kuieneza zaidi mwaka 2000: ikiwa kila mpimaji hugundua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, wapimaji 5 watafichua takriban asilimia 85. Wengi huishia hapo. Sehemu ninayoipenda mimi ni ushauri wake wa pili, kwamba ukiwa na watu 15 ni bora uwagawe katika majaribio matatu, na kila baada ya jaribio urekebishe. Kwa biashara ndogo naenda mbali zaidi: watu watatu kabla ya jioni, rekebisha, kisha mwingine jioni. Wa nne angegusa namba ileile isiyopigika na asingenifundisha jipya.

Sasa nachambua. Kila tukio naliuliza swali moja: lilimzuia mtu kuwasiliana na karakana, au lilimkera tu? Namba, fomu, sentensi ya juu, rangi ya maandishi na uzito wa picha vinaingia kundi la kwanza. Kundi la pili lina mengi: kijana hakupenda rangi ya zambarau, dada alitaka herufi za kisasa zaidi, mzee alisema nembo ni ndogo. Haya nayahifadhi pembeni na leo simpelekei mama. Ukimpa mwenye biashara orodha ya mambo 30 ataanza na rangi, maana rangi ndiyo rahisi kujadili.

Saa 10:30 jioni

Nampigia mama kwa video. Sehemu hii naiandaa kuliko zote, kwa kuwa tovuti ya mtu wa biashara ndogo ni jasho lake na akiba yake. Siisomi ripoti. Namwonyesha vipande vya video nilivyorekodi kwa ridhaa ya wahusika, kila kimoja kisichozidi dakika moja.

Cha kwanza ni cha dada akikariri namba. Mama anashika mdomo. "Kumbe! Mimi huwa naiona tu, sijawahi kuigusa." Cha pili ni cha mzee. Anakitazama mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha anauliza, "Huyo baba, kochi lake ni la mbao gani? Mwambie nitamhudumia mwenyewe."

Kwenye sentensi ya juu tunabishana. Ameitunga mwenyewe na anaipenda. "Hiyo ndiyo roho ya kazi yangu," anasema, nami namwamini. Sisemi ifutwe, nashauri ihamie kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi", mahali mtu anakofika akiwa ameshajua anasoma habari za nani. Namuuliza: "Mama, mtu akikupigia simu akuulize unafanya kazi gani, unamjibuje?" Anajibu papo hapo: "Natengeneza makochi na viti vilivyochoka, vinarudi kama vipya."

"Iandike hivyo hivyo," namwambia. Anacheka, anachukua kalamu.

Saa 12:00 jioni

Maneno na picha anaweza kuvibadilisha mwenyewe, na amevibadilisha. Kiti cha kijani sasa kiko juu kabisa, picha imepunguzwa uzito, na namba ni maandishi: nikiigusa, simu inajiandaa kupiga. Fomu inamsubiri fundi wa tovuti kesho, kwa hiyo tumeificha kwa muda. Afadhali mlango mmoja unaofunguka.

Namleta mtu wa mwisho wa leo, mama kijana ambaye hajaiona kabisa. Sekunde 5. "Wanafanya kazi gani?" "Wanakarabati makochi." Nampa simu na ile kazi ya asubuhi. Anaishusha kidogo, anatazama picha za kabla na baada, anaiendea namba. Kidole kinasimama juu yake bila kugusa.

"Unafikiri nini?" namuuliza.

"Nataka kujua kama wanakuja kulichukua au nilipeleke mwenyewe. Kochi halibebeki hili."

Hakuna ukurasa unaojibu hilo. Natuma ujumbe kwa mama, naye anajibu baada ya muda mfupi kwamba wanachukua na kurudisha, wamefanya hivyo tangu wafungue karakana, ila hakuwahi kufikiri ni jambo la kuandika. Sasa anataka kujua aliweke wapi. Namjibu: mstari mmoja, chini kabisa ya kiti cha kijani, juu ya namba ya simu.