Kihispania kwa alifu na be

Nikisema nasomea Kihispania, nyumbani Mombasa huulizwa: cha kazi gani, na watalii wa Malindi wenyewe ni Waitaliano? Shangazi yangu huongeza kwamba bora ningesoma Kichina. Sasa niko Oviedo, kaskazini mwa Uhispania, mji wa mvua usiojua msimu, na kila nikijaribu kumweleza ninachosoma hapa, simu hukatika. Acha niandike.

Sehemu kubwa ya masomo ni historia ya sauti. Neno la Kilatini filium, mwana, lilikuwa fijo, kisha hijo, na hiyo h leo haitamkwi kabisa. Katika utenzi wa Cid, shairi la kale la Kihispania la shujaa wa vita, ambao mswada wake mmoja tu uliosalia umo Maktaba ya Taifa, Madrid, bado utakuta fijo. Herufi x nayo ilikuwa sh yetu hii hii: dixo, yaani alisema, watu walitamka “disho”. Ile j ya leo inayokwaruza koo kama kh ya chuoni ilikuja baadaye, karne ya 16 na ya 17. Wenzangu darasani huhangaika na hizi sh za kale. Mimi hapo sina shida.

Lakini kilichonifanya nibaki ni fasihi ya aljamiado. Waislamu wa Castilla na Aragón, vizazi vingi chini ya wafalme Wakristo, walikuwa wameacha kuzungumza Kiarabu, ila herufi zake hawakuziacha. Wakaandika Kihispania kwa alifu, be, te. Karne ya 16 walilazimishwa kubatizwa, na kukutwa na kitabu cha namna hiyo kuliweza kukufikisha mbele ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kusaka wazushi. Kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa nchini, na vitabu vingi vikabaki mafichoni. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, mafundi walibomoa nyumba ya zamani, wakakuta shehena nzima ya miswada imefichwa chini ya sakafu ya uongo. Mingine iliharibika kabla ya mwenye kuijua thamani yake kufika.

Hapa Oviedo ndipo alipofundisha Álvaro Galmés de Fuentes, aliyeanzisha mfululizo wa kuichapa miswada hiyo. Nilipofunguliwa nakala ya ukurasa mmoja, nilianza kusoma kwa sauti, polepole, kama nilivyosomeshwa na bibi barua za zamani za ukoo. Tofauti ni kwamba, bibi anisamehe, hawa makatibu walikuwa makini kuliko wa kwetu. Katika hati zetu za kale be moja hubeba b, p na hata mb, na kasra hubeba i na e. Usipolijua neno kabla, hulisomi. Wao p waliiandika be yenye shada, na e wakaifanya fataha ikifuatwa na alifu. Kila irabu ipo. Hata s yao huandikwa kwa shini, kwa sababu ncha ya ulimi hupanda juu hadi sauti ikakaribia sh. Mkitaka kuisikia, njooni soko la El Fontán mumsikilize mama muuza samaki akitaja bei.

Zile jarcha, vibeti vya Kiromansi (lugha iliyozaliwa na Kilatini) vinavyofunga mashairi ya Kiarabu na ya Kiebrania ya Andalusia, Uhispania ya Waislamu, ndizo zenye sifa zaidi tangu mtaalamu Samuel Stern alipozitangaza mwaka 1948. Kwangu zinachosha. Nyingi hazina irabu, kwa hiyo kila mtaalamu husoma lake.

Mimi nimeshikamana na utenzi wa aljamiado wa Yusufu, unaoitwa Poema de Yuçuf. Beti zake zina mishororo minne yenye kina kimoja, mirefu, takriban mizani 14. Aliyezoea nane zetu huona pumzi inakatika. Kisa ni kile kile, na nyongeza tamu: Yusufu akiwa amekwisha kuuzwa, msafara unapita kaburi la mamaye, naye anajitupa kutoka mgongoni mwa ngamia ili amlilie. Na mbwa mwitu anayesingiziwa kumla analetwa mbele ya Yaakubu, anafungua kinywa, anajitetea. Hayo hayamo katika sura ya Yusufu. Ni ya wasimulizi wa visa vya mitume, waliosomwa Aragón kama walivyosomwa pwani yetu.

Ndiyo maana nina ombi. Tasnifu yangu italinganisha Yusufu wa Aragón na wa tendi zetu. Kama kwenu, Lamu, Pate, Unguja au kokote, kuna mswada wa Yusufu ndani ya sanduku, msiutume wala msiuuze. Nipigieni picha tu ule ukurasa wa baba na mbwa mwitu. Nataka kujua kama kwetu naye anasema, na akisema, anaapa kwa nani.