Jinsi Nilivyozipanga Nyimbo za Pearl Jam kwa Kumfuata Mpiga Dramu

Kaka yangu aliponiachia flashi yenye nyimbo zaidi ya mia moja za Pearl Jam, bendi ya roki ya Marekani, kila faili lilikuwa na namba tu, bila jina la wimbo wala mwaka, nami nikaazimia kuzipanga kwa mfuatano wa miaka ili niisikie historia ya bendi hiyo tangu mwanzo. Nilianza kwa kuifuata sauti ya mwimbaji, Eddie Vedder, nikapoteza siku tatu bure, kwa sababu tangu bendi ilipoundwa mjini Seattle mwaka 1990, yeye, Jeff Ament wa besi na wapiga magitaa Stone Gossard na Mike McCready hawajabadilika. Kiti kilichobadilisha watu ni cha dramu. Hapo nikafungua folda tano, moja kwa kila aliyekikalia: Dave Krusen, Matt Chamberlain, Dave Abbruzzese, Jack Irons na Matt Cameron.

Ya Krusen ilijaa haraka. Yeye ndiye aliyepiga katika Ten, albamu ya kwanza iliyotoka Agosti 1991, yenye mwangwi mwingi kana kwamba bendi inapiga ndani ya ukumbi mtupu. Abbruzzese, aliyepiga katika albamu ya Vs. ya mwaka 1993 na karibu albamu yote ya Vitalogy kabla ya kuondolewa mwaka 1994, nilimjua kwa matoazi yake madogo yanayolia kwa mkato.

Irons ndiye aliyenisumbua, na ndiye ninayempenda kuliko wote. Usiku mmoja nilivaa spika za masikioni nikausikiliza wimbo ambao baadaye niliujua kuwa ni In My Tree, wa albamu ya No Code ya mwaka 1996: ngoma nene zinapokezana bila kupumzika, matoazi yamenyamaza, na magitaa yamekaa nyuma yakiziachia ngoma nafasi. Niliurudia mara nne. Baada ya hapo sikupata shida kuzitambua nyimbo nyingine za No Code, wala za Yield ya mwaka 1998. Niliposoma zaidi nikagundua kwamba Irons, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Red Hot Chili Peppers, ndiye aliyempa Vedder kule San Diego kanda ya majaribio ya wenzake wa baadaye, ya muziki usio na sauti ya mwimbaji, iliyomfikisha Vedder kwenye bendi, miaka minne kabla Irons mwenyewe hajajiunga nayo. Na katika rekodi hizo za majaribio, aliyesaidia kupiga dramu alikuwa Cameron. Watu wawili waliokuja kukikalia kiti hicho walikuwepo kabla hata bendi haijapata jina.

Cameron, aliyetoka bendi nyingine ya Seattle, Soundgarden, aliingia mwaka 1998 akadumu hadi mwaka 2025, na ugumu wake ulikuwa katika rekodi za jukwaani, ambako anapiga pia nyimbo za wenzake waliomtangulia. Kilichoniokoa ni kinanda cha Boom Gaspar, ambaye alianza kupiga na bendi mwaka 2002: kila niliposikia kinanda hicho kikijaza nafasi chini ya wimbo wa zamani, niliupeleka kwa Cameron bila kusita.

Folda ya Chamberlain ilibaki tupu kwa wiki nzima, kwani alikaa na bendi majuma machache tu ya mwaka 1991 na hakurekodi nayo albamu yoyote. Lilibaki faili moja lisilo na mwenyewe: wimbo Alive, wenye kelele za watazamaji, usio na kinanda, na sauti ya Vedder ikiwa bado ya ujana. Nililifungua sambamba na video rasmi ya wimbo huo, ambayo inatumia sauti ya onyesho lenyewe la Seattle badala ya ile ya albamu, na anayeonekana kwenye dramu ni Chamberlain. Kila pigo lililingana na mkono wake. Nikalihamisha faili hilo mahali pake.