Chati ya karafuu ambayo ami hakuweza kuisoma

Mimi ndiye mtunza hesabu wa kikundi chetu cha wakulima wa karafuu, huku Wete, Pemba. Kila mkutano mkuu ukikaribia hutengeneza chati kwenye Excel: kilo za karafuu kavu mwezi kwa mwezi, nguzo moja ya msimu huu na nyingine ya msimu uliopita. Mwanzo nilizipaka nyekundu na kijani. Niliona zinafaa, maana karafuu yenyewe huanza kijani, ikiiva ikaingia wekundu.

Nikatoa fotokopi, nikagawa. Ami mmoja, mchumaji wa miaka mingi, akaigeuzageuza karatasi yake. "Mwanangu, msimu huu upo wapi hapa?" Kutazama, nguzo zote zimetoka kijivu kile kile. Nikamsogezea laptopu. "Hii nyekundu, ami, na hii chanikiwiti." Akasema kwake yeye zote ni moja, tangu utotoni. Nikamuuliza, sasa juu ya mkarafuu huijuaje iliyoiva? Akasugua dole gumba na cha shahada: "Kichwa kikijaa, naisikia mkononi."

Neno lile lilinikaa. Nikasoma kuwa wasiotenganisha nyekundu na kijani wako wengi, wanaume hasa, kwa sababu hali hiyo hurithiwa kupitia kromosomu X. Wajapani wawili, Masataka Okabe na Kei Ito, walishapanga rangi nane ambazo watu hao huzitambua. Nilichukua mbili, buluu na rangi ya chungwa. Unabofya nguzo kwa kitufe cha kulia cha mausi, unakwenda kwenye kujaza rangi, halafu rangi zaidi, unaandika mwenyewe namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu kwa mpangilio huo: buluu ni 0, 114, 178, chungwa ni 230, 159, 0. Buluu hiyo imekoza na chungwa limefifia, kwa hiyo hata fotokopi huzitenga. Siku hizi sichapishi chati kabla ya kuiona kwa kijivu kwanza.

Kile kisanduku cha pembeni cha kueleza rangi nimekiondoa pia. Naandika "msimu huu" juu ya nguzo zenyewe, na naona hilo limesaidia kuliko hata rangi.

Mkutano uliofuata ami hakuuliza ipi ni ipi. Aliweka kidole juu ya nguzo ya buluu. "Oktoba tumeshuka hivi? Ni ile mvua iliyotukuta majamvi ya karafuu yakiwa nje?"