Jinsi nilivyojifunza kuwatambua vyura kwa midomo ya watoto wao

Kazi niliyokabidhiwa ilionekana nyepesi kwenye karatasi: kuchora ramani ya mtawanyiko wa vyura wa bonde moja, spishi kwa spishi, na kuonyesha wanakozaliana. Sehemu ya kwanza inawezekana kwa yeyote mwenye tochi na subira. Unatoka usiku, unafuata milio, unamkamata dume anayeita, unampiga picha, unaandika longitudo na latitudo, unamwachia. Iliyonitoa jasho ni sehemu ya pili.

Chura mzima ni msafiri. Wale wa jenasi ya Sclerophrys, wenye ngozi ya vinundu, ambao hupenda kukaa chini ya taa wakivizia wadudu, utawakuta mbali kabisa na maji. Kumwona mmoja hapo kunathibitisha kwamba alipita, basi. Kiluwiluwi, yaani mtoto wa chura angali majini na mkia wake, ni ushahidi wa namna nyingine. Ukimkuta kwenye dimbwi lisilo na mkondo, ujue mayai yalitagwa humohumo, na maji yamedumu muda wa kutosha kumfikisha hapo alipo. Nilipomwambia msimamizi wangu kwamba tayari ninazo alama nyingi za vyura wazima, alinijibu, "Hizo ni nyayo, mwanangu. Niletee watoto."

Nikaanza kuchota watoto. Ndipo nilipoona kwamba vitabu vya utambuzi karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya vyura wazima, na kwamba ziko spishi nyingi ambazo kiluwiluwi wake hajawahi kuelezwa kimaandishi hata mara moja. Kwenye beseni jeupe wote walikuwa kitu kimoja: kichwa cha mviringo, mkia, rangi ya tope.

Wachache, ninaowataja kwa majina ya jenasi zao, hawakunisumbua. Kiluwiluwi wa Xenopus ana ndevu mbili ndefu kama kambale, hana meno ya aina yoyote, na huning'inia kichwa chini katikati ya maji akichuja chembe. Wa Phrynomantis naye anapitisha mwanga, huelea mahali pamoja huku ncha ya mkia ikitetemeka. Wa Kassina ana pezi refu la mkia linaloanzia karibu na macho. Wa Sclerophrys ni wadogo, weusi, na hutembea kwa makundi makubwa. Baada ya hao, anayebaki ni yule wa rangi ya tope asiye na alama, na huyo ndiye aliyejaa kwenye ndoo zangu.

Njia ya kuingilia ilikuwa mdomo. Kiluwiluwi wa aina nyingi ana mdomo wa ajabu ukiuweka chini ya hadubini: taya mbili ngumu kama mdomo wa kasuku, zikizungukwa na safu za meno madogo mno ya keratini (kitu kilekile kigumu cha kucha), na pembezoni vinundu laini. Wataalamu huandika idadi ya safu hizo kwa fomula. Ukisoma 2(2)/3, maana yake juu kuna safu mbili na ile ya pili imekatika katikati, na chini kuna safu tatu. Vinundu navyo vina habari yake: kwa akina Sclerophrys viko pembeni tu, ilhali kwa wengine huzunguka ukingo wote wa chini. Meno hayo ni mepesi kiasi kwamba usipoyatia rangi hutayahesabu sawasawa. Tone dogo la methilini ya bluu, subiri kidogo, suuza, na safu zinajitokeza.

Lakini mdomo hausomeki wakati wote, na hili nataka kulisema kwa kirefu kwa sababu mwongozo mwingi hulipita haraka. Kiluwiluwi anabadilika kila siku. Mwaka 1960 Kenneth Gosner alichapisha jedwali linalogawa maisha ya chura, tangu yai lililorutubishwa hadi kichura kisicho na mkia, katika hatua 46, na mpaka leo ndilo kipimo kinachotumika. Hatua ya 25 ndipo kiluwiluwi anaanza kujitegemea kwa kula. Kuanzia 26 unafuata vichipukizi vya miguu ya nyuma, kisha vidole kimoja kimoja, na ikifika 37 vidole vyote vitano vimeachana. Hatua ya 42 miguu ya mbele inatoka, na kufikia hapo meno na taya ngumu zinakuwa zimeanza kubanduka, kwa kuwa mdomo wa mla majani unageuzwa kuwa mdomo wa mla wadudu. Ukisoma mdomo mapema mno, safu hazijakamilika. Ukichelewa, zimeshaanguka. Nikajiwekea sheria: fomula naiandika kwa walio kati ya hatua ya 30 na 40 tu, na hatua yenyewe naiandika kando ya fomula. Tangu hapo daftari langu likaacha kupingana lenyewe kwa lenyewe.

Kuna mtego mwingine ndani ya mdomo huohuo. Kuvu wa Batrachochytrium dendrobatidis, aliyepewa jina mwaka 1999 na ambaye ameangamiza vyura katika mabara kadhaa, hushambulia keratini. Chura mzima anayo kwenye ngozi. Kiluwiluwi anayo mdomoni peke yake. Kwa hiyo kiluwiluwi aliyepungukiwa na safu za meno huenda si wa spishi nyingine, ni mgonjwa. Nilipokutana na midomo ya namna hiyo sikuihesabu kwenye fomula, na niliiandikia safu yake kwenye jedwali. Ndiyo sababu pia kila nilipotoka dimbwi moja kwenda jingine nilisugua tope lote kwenye buti na wavu, nikavitia dawa ya klorini, nikavikausha. Inachosha, hasa giza likiwa linaingia. Mtafiti anayebeba kuvu kutoka dimbwi hadi dimbwi anaharibu kitu kilekile anachodai kukihesabu.

Umbo la mwili nililiamini kidogo sana. Viluwiluwi wa spishi moja wakikua pamoja na lava wa kereng'ende, ambao huwawinda, mara nyingi hukuza pezi la mkia refu zaidi kuliko ndugu zao waliokulia pasipo adui. Dimbwi likianza kukauka, wengi huharakisha kukua na kutoka wakiwa wadogo. Urefu peke yake hauna maana hata kidogo: Pseudis paradoxa wa Amerika Kusini, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, ana kiluwiluwi anayeweza kufikia sentimita 25, halafu anageuka chura wa takriban sentimita 7.

Mdomo ulinipa makundi. Majina niliyapata kwa njia mbili zilizokwenda sambamba. Ya kwanza ni kuwafuga. Kutoka kila kundi niliacha wachache kwenye beseni, kila kundi na beseni lake, maji ya bomba yakiwa yamekaa wazi kwanza ili klorini itoke, chakula kikiwa majani laini yaliyochemshwa na unga kidogo wa chakula cha samaki. Wingi wa chakula huua kuliko njaa, kwa sababu maji huoza. Miguu ya mbele ikitoka unapunguza maji na kuweka jiwe lenye mteremko, maana mnyama huyo sasa anaweza kuzama. Chakula unaondoa. Hawezi kula, mdomo uko matengenezoni na anaishi kwa kuumeza mkia wake kutoka ndani. Akishakuwa kichura kamili na kukua kidogo, unamtambua kwa vitabu vilevile vya wakubwa.

Njia ya pili ni DNA. Hapa utaratibu wa kuhifadhi ndio kila kitu, na namshukuru fundi wa maabara aliyeusisitiza kabla sijaingia majini. Ethanoli huhifadhi DNA vizuri lakini humsinyaza kiluwiluwi hadi mdomo usisomeke. Formalini ya asilimia 10 humhifadhi umbo lake lote lakini huharibu DNA. Basi kwa kila kielelezo, baada ya kumlaza kwa dawa ya usingizi kama kibali kinavyotaka, nilikata ncha ya mkia nikaitia kwenye kichupa cha ethanoli, na mwili nikautia kwenye formalini, vyote viwili vikiwa na namba moja iliyoandikwa kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye ethanoli, penseli haiondoki. Maabara ilisoma kipande cha jeni ya 16S ya mitokondria, kinachotumika sana kwa amfibia, tukakilinganisha na vilivyomo kwenye GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA inayopelekwa na watafiti. Jina lililorudi sikulichukua bila kuuliza, kwa kuwa aliyepeleka mfuatano kule naye alimtambua chura wake kwa macho. Beseni na mashine vilipokubaliana, niliandika jina. Visipokubaliana, niliandika namba ya kundi.

Ramani yenyewe ilihitaji pia kumbukumbu za zamani, na nyingi zimekusanywa na GBIF, mtandao wa data za viumbe ulioanzishwa mwaka 2001, wenye makao yake Copenhagen. Ni hazina, ila uisafishe. Alama zinazoangukia latitudo sifuri na longitudo sifuri, baharini kwenye Ghuba ya Guinea, ni za vyura walioandikwa bila mahali. Zile zilizorundikana katikati kabisa ya nchi ni za mtu aliyejua nchi tu. Nyingine longitudo na latitudo zimebadilishana viti. Majina nayo yanahama: chura aliyeelezwa mwaka 1927 kama Bufo regularis gutturalis aliwekwa kwenye jenasi ya Amietophrynus kuanzia 2006, na tangu 2016 ni Sclerophrys gutturalis. Kielelezo cha zamani chenye kibandiko cha Bufo regularis tupu huwezi kukiweka upande wowote mpaka mtu akifungue kwenye chupa ya makumbusho na kukitazama.

Spishi zilizohamishwa na binadamu ndizo zilizonionyesha kwamba msimamizi alikuwa sahihi kuhusu watoto. Gutturalis huyo alipelekwa Mauritius mwaka 1922. Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika alisambazwa duniani kuanzia miaka ya 1930, alipotumika kupima ujauzito, na leo anazaliana porini Chile, Marekani, Ufaransa na kwingineko. Chura mzima mmoja nje ya makazi yake anaweza kuwa mtoro wa maabara. Viluwiluwi maana yake ameshahamia.

Kwa hiyo ramani yangu ina alama mbili kwa kila spishi: duara tupu kwa mzima aliyeonekana au kusikika, duara lililojazwa kwa kiluwiluwi aliyethibitishwa. Nililazimika kuongeza ya tatu. Vyura wa jenasi ya Arthroleptis hutaga kwenye udongo wenye unyevu na vichura hutoka moja kwa moja kwenye mayai. Wale wa Nectophrynoides wa milima ya Tanzania, akiwemo chura wa Kihansi, huzaa watoto waliokamilika. Nimbaphrynoides wa mlima Nimba hubeba mimba miezi tisa. Kwa vyura wa namna hiyo ungechota madimbwi yote pasipo kupata kitu, na kutokuwepo kwa kiluwiluwi hakusemi lolote. Kwenye bonde langu nilikuwa na Arthroleptis, hivyo hao nimewapa pembetatu, na kuzaliana kwao nimekuthibitisha kwa mayai na vichura wadogo chini ya majani makavu.

Kundi moja bado linaitwa Kundi la 9. Waliofugwa walikufa kabla ya miguu ya mbele kutoka, na mfuatano wao wa 16S haujapata mwenzake wa karibu kwenye GenBank. Vichupa viko kwenye friji, fomula ya mdomo iko kwenye jedwali, na kibali cha kurudi kwenye dimbwi lile mvua zikianza nimeshakiomba.